Hii Si Hip Hop

Mpwa wangu anasoma MUBS, chuo cha biashara kilicho hapahapa Nakawa, na kulala analala kwangu Kinawataka. Jioni moja alirudi, akaweka spika yake ndogo juu ya meza, akaiunganisha na simu, akaniomba nisikilize. Biti ilitoka kama mabati yanayoburutwa juu ya saruji. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, ya kasi, vina vikifuatana bila hata kimoja kuteleza. Nilivumilia kama nusu dakika.

"Hii si hip hop," nikamwambia. "Enzi zetu mtu alikaa na mistari yake mpaka ikaiva. Hawa wenu wanakimbizana na kelele."

Hakubisha. Alisimamisha wimbo, akauliza kwa upole, "Mjomba, unamjua huyu?"

"Nitamjulia wapi? Wanazaliwa kila siku."

"Ni MC Yallah."

Jina hilo nilikuwa nalijua tangu zamani. Yallah Gaudencia Mbidde, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Uganda, alianza kurap mwaka 1999, wakati mimi nilikuwa na miaka 15 na daftari la mistari chini ya mto. Albamu yake iitwayo Kubali ilitoka mwaka 2019 kwenye lebo ya Hakuna Kulala ya hapa Kampala, biti zikiwa za Debmaster, mtayarishaji Mfaransa. Nyingine, Yallah Beibe, ikafuata mwaka 2023. Kwa hiyo niliyemhukumu kama mtoto wa leo alikuwa mtu wa enzi yangu mwenyewe. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakusimama pale niliposimama mimi.

Usiku ule sikulala vizuri. Kosa la kutotambua sauti lingenisumbua kidogo tu, kwa sababu mtu yeyote huweza kusahau sauti. Kilichoniuma ni ile sentensi. Hii si hip hop. Nilikumbuka kwamba nimewahi kuitamka mara mbili kabla ya hapo, kwa uhakika uleule, na mara ya kwanza ilimwangukia mtoto wa watu.

Nilizaliwa mwaka 1984 katika kota za Nakawa, zile nyumba ndogondogo zilizojengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Baba alikuwa mtu wa reli, Japadhola wa Tororo. Mama alikuwa Msamia wa Busia. Upande wa kushoto tulipakana na Mlugbara, kulia Mnyankole, nyuma yetu familia ya Waganda wenye watoto tisa. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha baba na mama waliyokutana nayo, na ya kuoana ikawa hiyohiyo. Lakini Kampala ya wakati ule haikukipenda. Kilikuwa lugha ya askari, lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ambayo watu wazima walikumbuka wakiamriwa nayo kulala kifudifudi. Shuleni nilijifunza kukiacha getini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shule zote kwa lazima. Nilizipokea habari hizo kwa furaha, ila mimi nilikuwa nimekwisha kukipenda muda mrefu, na walionipendesha walikuwa marapa.

Mabasi ya Nairobi huingia mjini kwa Barabara ya Jinja, na barabara hiyo inapita Nakawa. Binamu ya mama alikuwa utingo wa basi. Kila wiki mbili tatu alishuka kwenye taa za Nakawa na mfuko wa plastiki wenye unga, sabuni, na kaseti zangu. Ndimo nilimosikia Kalamashaka wakichana kwa Kiswahili cha Dandora. Ndimo nilimosikia Mr. II wa Mbeya, huyo Sugu ambaye mwaka 2010 alikuja kuwa mbunge, akieleza maisha ya vijana wa Tanzania kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Sikuwa nimewahi kusikia Kiswahili namna ile. Kwa mara ya kwanza lugha ya nyumbani kwetu haikuwa inamwamuru mtu alale chini.

Tulikuwa wavulana wanne na redio kaseti moja. Tulicheza mistari minne, tukasimamisha, mmoja akaandika, tukarudisha. Betri zikichoka tulirudisha utepe kwa kalamu ya wino, tukizungusha kwa mkono ili tusizimalize kabisa, na mchana tulizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Wimbo mmoja ulitula siku tatu. Neno tusilolielewa tuliliulizia kwa utingo siku atakaporudi, na yeye akaliulizia Nairobi. Mpaka leo mistari ile ninayo. Sikuikariri kwa kutaka. Iliingia pole pole, kama maji yanavyoingia kwenye mtungi, na ikakaa.

Baba hakuipenda hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa Franco na wa Elly Wamala, muziki wenye magitaa yanayoongea kwa zamu. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha kamba barazani, viatu vya kazi vikiwa kando, anasikiliza kelele zetu, kisha anauliza, "Hawa wanagombana na nani?" Hatukuwa na jibu, tukawa tunapunguza sauti. Alituambia wimbo bila gitaa ni mtu anayekimbia na njaa.

Mwaka 2002 utingo akaleta Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo ambao mwaka uleule ulikuja kuimbwa kwenye mikutano ya upinzani kule Kenya, Moi akiondoka. Baba alikuwa anavua soksi. Dhopadhola, lugha yake, ni ndugu wa karibu wa Dholuo. Nilimwona akisimama na soksi moja mkononi. Neno lililo katikati ya jina la wimbo, bwogo, kutisha, alilielewa bila mkalimani, na alipogundua namna walivyolivika Kiingereza mbele na nyuma, alicheka mpaka mama akatoka jikoni. "Rudieni," akasema. Kesho yake akarudi kwa Franco wake, na rap ikabaki kelele kama kawaida. Sikulifikiria jambo hilo vizuri wakati ule. Niliona tu kwamba mzee amefurahi.

Mwaka 2004 vijana wa kota tuliandaa shindano kwenye uwanja ulio katikati ya nyumba. Spika zilitoka kwa jirani mwenye kibanda cha video, palipoonyeshwa filamu zenye sauti za VJ akizitafsiri kwa Luganda. Mimi niliwekwa kuwa mwamuzi kwa sababu nilikuwa na kaseti nyingi na daftari tatu. Miaka ile rap ya Uganda iliyopigwa redioni, hasa stesheni za mjini kama Capital na Sanyu, ilikuwa ya Kiingereza. Klear Kut walikuwa juu, Navio akiwa mmoja wao, na walikuwa wazuri kweli. Mpaka leo simkubalii mtu anayewabeza. Lakini nyuma yao lilitokea wimbi la vijana waliodhani kurap ni kuvaa lafudhi ya Mmarekani. Kwenye uwanja wetu walipanda sita wa namna hiyo. Wa saba alikuwa mvulana wa miaka 14 hivi, mtoto wa mama muuza nyanya wa soko la Nakawa. Akachana kwa Luganda. Alieleza mama yake anavyoamka saa kumi alfajiri, anavyopanga nyanya mafungu mafungu, anavyoficha zilizopondeka chini ya nzima na anavyoona haya kufanya hivyo. Nakumbuka ile ya haya. Watu walicheka, kwa sababu wakati ule Luganda katika rap ilichekesha, kama mzee aliyevaa kaptura. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Hii si hip hop. Rudi ukiwa na Kiingereza." Ushindi nikampa mmoja aliyetaja mitaa ya Brooklyn.

Bataka Squad walikuwa wamekwisha kuchana kwa Luganda tangu miaka ya 1990, na jina Lugaflow lilikuwa mitaani. Babaluku wao aliendelea kulishikilia mpaka filamu ikatengenezwa mwaka 2007, Diamonds in the Rough, ikionyesha walivyofanya. Mimi nilijua habari zao, na bado nikasema niliyosema. Mtoto aliyeokolewa na Kiswahili cha Dandora, aliyelia kwa furaha kusikia lugha ya nyumbani kwao ikiheshimiwa, alimnyima mwenzake lugha ya nyumbani kwao mbele ya watu mia mbili. Sijapata maneno ya kulipunguza hilo.

Mara ya pili niliisema kwa ajili ya GNL Zamba. Alipoivamia nchi kwa Luganda yake nzito, na baada yake kundi zima la Baboon Forest, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, nikiwaambia wenzangu kwenye steji ya bodaboda kwamba huyu ni mwimba kadongo kamu aliyeibiwa gitaa. Nilidhani ninamtukana. Kadongo kamu ndiyo sanaa ya gitaa moja na hadithi ndefu iliyomlea kila mtu wa Buganda, ya kina Herman Basudde na Paulo Kafeero, na Kafeero aliweza kukaa na kisa kimoja robo saa nzima bila msikilizaji kwenda kunywa maji. Zamba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wakubwa hao. Kile nilichokitaja kama aibu ndicho kilichokuwa nguvu yake, na watu wa soko walikiona kabla yangu.

Sasa steji ileile ya bodaboda inabishana upya. Waliokuwa vijana wa Zamba wamekuwa wazee, nao wanasema Fik Fameica si rapa, ni mwimbaji wa sherehe. Wanasema Big Tril aliharibika alipotoa Parte After Parte mwaka 2019, wakisahau kwamba alitoka Baboon Forest, nyumba yao wenyewe. Yupo mmoja anayeapa kwamba baada ya Klear Kut hapakuwa na kitu, na wadogo wanamjibu kwamba Klear Kut walikuwa wanawasomea watoto wa shule za gharama. Nimekaa pale nikaona kila mtu anaweka mwisho wa hip hop mahali ambapo ujana wake mwenyewe uliishia. Sanaa hii ilitimiza miaka 50 mwaka 2023, ikihesabiwa tangu sherehe ya DJ Kool Herc kule Bronx, Agosti 1973, na nina hakika hata Bronx kuna steji yenye ubishi huuhuu.

Julai 2011 kota zetu zilibomolewa. Zaidi ya familia 1,700 za Nakawa na Naguru zilitawanyika, nyingine Kireka, nyingine Banda, nyingine vijijini kabisa. Tingatinga lilipofika mstari wetu mama alikuwa bado anafunga sufuria kwa kanga. Baba alitoa kiti chake cha kamba, akakiweka barabarani, akakaa akitazama. Mimi niliokoa sanduku la kaseti. Miaka ikapita, na pale tulipocheza mpira, pale nilipoandika mistari, pale palipokuwa na uwanja wa shindano, nyasi zikawa ndizo wakazi. Baba na mama wakarudi Tororo. Nadhani tangu mwaka ule ndipo nilipoanza kuzisifu enzi zetu kwa ukali. Nilipokuwa nikisema "rap ya zamani" nilikuwa nikiziona nyumba zile, harufu ya maharage ya Mlugbara, bati lenye betri zimeanikwa. Kijana wa leo alikuwa akinisikia nikishambulia wimbo wake, kumbe mimi nilikuwa nikililia baraza.

Baada ya jioni ya MC Yallah nililitoa lile sanduku. Mpwa wangu alipata redio kaseti ya kuazima kwa fundi mmoja wa Banda, tukakaa Jumapili nzima. Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka asikie vile vitu nilivyomsimulia tangu akiwa mdogo, na kweli vipo: Kalamashaka walipoingia alikaa wima, akaniomba nimwandikie maneno. Lakini kaseti zangu nyingi nilizirekodi kutoka redioni, na redio haichagui. Kwa kila wimbo mmoja niliokuwa nikiusifu palikuwa na tano nilizokuwa nimezisahau kabisa. Vijana wanaojifanya Wamarekani. Vina vya kulazimisha. Mtu anajisifu dakika nne kwa magari ambayo najua hakuwa nayo. Mmoja alikuwa yule mshindi wangu wa mwaka 2004, alinipa kaseti yake baadaye. Hatukuweza kuufikisha wimbo katikati.

Hapo ndipo nilipoona tulivyokuwa tukidhulumu. Ya kale tumeyapepeta miaka 20. Ungo umerushwa, makapi yameruka, tumebaki na mchele mweupe, tunauita "enzi zetu". Kisha tunachota mpunga wa jana, umetoka shambani na mawe yake na majani yake, tunauweka kando ya ule mchele na kusema tazameni tofauti. Nani atashinda mashindano hayo?

Lakini sitaki kusema kwamba hakuna kilichopotea, kwa sababu kimepotea. Mpwa wangu ana nyimbo nyingi kwenye simu kuliko zote nilizosikia ujanani, na hajui hata mmoja mpaka mwisho. Anajua kipande, kile kilichozunguka kwenye video fupi. Wasanii wanalijua hilo, na wengi wanatunga kipande, halafu wanakizungushia maji kipate kuitwa wimbo. Lawama hiyo naendelea kuibeba na sioni haya. Rapa anahitaji msikilizaji atakayerudisha utepe kwa kalamu. Akimkosa huyo, hata mwenye kipaji atazoea kuandika kwa ajili ya mtu anayepita. Tena tulisikiliza wanne, tukibishania neno moja, na ubishi ule ulikuwa nusu ya wimbo. Siku hizi kila mmoja ana wake masikioni.

Niliamua kumtafuta yule mvulana wa nyanya. Haikuwa kazi. Soko la Nakawa halipotezi watu wake, na mama yake anajulikana mpaka leo ingawa amekwisha kupumzika. Nilimkuta upande wa mivumba, hivyo ndivyo tunavyoita mitumba, akipanga suruali za jinzi kwenye meza. Ana ndevu sasa, na watoto watatu. Nilijitambulisha. Akanitazama, akatabasamu kabla sijamaliza.

"Wewe ndiye uliyesema nirudi na Kiingereza."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili hiyo. Nikamwambia nilikosea, kwamba mistari yake ndiyo pekee ninayoikumbuka ya siku ile, nikamtajia zile nyanya zilizopondeka na ile haya ya mama yake. Alishusha suruali aliyokuwa ameshika. Alikaa kimya muda mrefu, wateja wakipita, mmoja akauliza bei na hakujibiwa.

"Nilimwambia mama usiku ule," akasema. "Akaniuliza nani kakwambia uwaambie watu habari za nyanya zangu. Lakini baadaye akawa ananiomba nirudie." Akaikunja ile suruali. "Halafu Zamba alipotoka, nilikuwa hapahapa. Redio za safu nzima zilikuwa zinampiga, akina mama wanaitikia. Nikajua sikukosea, kaka. Niliwahi tu."

Nilimuuliza kama ameendelea kuandika. Alisema anaandika, ila haimbi, na anamwandikia binti yake wa miaka 11 ambaye anachana kanisani na shuleni kwa Luganda, Kiingereza na Kiswahili cha darasani. Alinichezea kwenye simu. Binti anakimbia sana, pumzi zinamwishia kabla ya mstari, na biti ni ya kupakua bure. Ulimi ulishaanza kuniwasha. Nikauweka sawa, nikasikiliza mpaka mwisho, nikaomba anirudishie sehemu ya pili, maana mlikuwa na neno sikulisikia.

Desemba nilikwenda Tororo na mpwa wangu. Mama alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Baba yupo, amekonda, sikio moja limeziba. Kile kiti cha kamba kimefungwa upya mara mbili na kinautazama mwamba wa Tororo. Baada ya chakula mpwa wangu akatoa simu. Nilimwambia amwache mzee apumzike, lakini vijana hawa wana ujasiri. Aliisogeza karibu na sikio zima la babu yake na kumpigia MC Yallah, mojawapo ya zile nyimbo anazochanganya lugha.

Mabati yakaanza kuburutwa. Baba akakunja uso. Akaangalia simu, akanitazama mimi, na nilijua swali linalokuja kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimelisikia utoto mzima: hawa wanagombana na nani? Hakuliuliza. Katikati ya ile kelele Yallah alikuwa ameingia kwenye Dholuo. Mkono wa baba ukainuka kidogo kutoka kwenye goti, kama mtu aliyeitwa kwa jina na hajui kaitwa kutoka upande gani.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

Mpwa wangu akacheka, akaanza kueleza habari za Kenya na Kampala. Baba hakuwa anamsikiliza. Alinigeukia mimi.

"Rudisha," akasema. "Rudisha pale alipoanza kusema."

Nikaichukua simu, nikavuta nyuma kwa kidole, nikapitiliza mpaka kwenye mabati.

"Siyo hapo. Mbele kidogo."

Nikavuta tena.